Theluji ya Ruwenzori na Neno la Wazee

Wakonzo, ndugu za Wanande, waliita mlima wetu Rwenzururu, ni kusema mahali pa theluji. Wazee walifundisha kwamba kule juu ni kwa Kitasamba: mtu hapandi ovyo. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika kilele cha Margherita, metri 5.109, mwaka 1932 Wabeleji nao wakapandia upande wa Congo. Kule theluji mpya inafunika nyufa za barafu, ukungu unaficha njia, mara mtu anatumbukia. Ndiyo sababu wapandaji wanafungana kamba. Tangu 1906 barafu imepunguka sana, na njia za zamani zinapotea. Basi vijana munaoongoza wageni, musidharau neno la wazee: muende polepole, mupime kwa fimbo kwanza, kisha mukanyage.