Wanafunzi wa Kampala na Bomba la Mafuta

Tarehe 4 Oktoba 2022 wanafunzi tisa walikamatwa jijini Kampala wakiandamana kuelekea ofisi ya Umoja wa Ulaya. Waliunga mkono azimio la Bunge la Ulaya la Septemba mwaka huo, lililoitaka kampuni ya TotalEnergies ya Ufaransa isubiri mwaka mmoja, ili itafutwe njia nyingine ya bomba la mafuta litokalo Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kati ya kilomita zake 1,443, kilomita 1,147 zimo Tanzania. Basi si shauri la Waganda peke yao.

Wapo wasemao kwamba kampuni haina roho, hivyo haiwezi kuitwa kwenye toba. Walutheri hatukufikiri hivyo juu ya mifumo. Mwaka 1977, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani likikutana Dar es Salaam, lilitamka kwamba kuupinga hadharani ubaguzi wa rangi wa Afrika ya Kusini ni jambo la imani yenyewe. Mwaka 2015 Baraza lake likaamua kutowekeza fedha katika makaa, mafuta na gesi.

Ni kweli serikali zetu zinayahitaji mapato hayo (zahanati haijengwi kwa maandamano). Lakini moshi wa mafuta huongeza joto la dunia popote yachomwapo. Bomba halipiti Rungwe, wala vijana wale hawakutoka Tukuyu. Ila mkulima wetu wa chai na ndizi huishi kwa mvua, na mlango wa mwenye hisa hajapata kuubisha.