Ukaguzi wa Moto Mahali Ambapo Gari la Zimamoto Haliwahi

Sheria ya Tanzania ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, iliweka kazi ya kuzima moto na ya kukagua majengo chini ya jeshi moja linaloongozwa na Kamishna Jenerali. Kwa miji, hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Tatizo ni kwamba mfumo mzima wa ada, cheti na namba ya dharura 114 umejengwa juu ya dhana isiyosemwa wazi: kwamba lipo gari litakalofika. Katika kata ya Bashay, kwenye nyanda za juu za Mbulu, dhana hiyo haishiki. Makao makuu ya mkoa wa Manyara yako Babati, na barabara ya kutoka huko inapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Hata gari lingeegeshwa Mbulu mjini, bweni la shule lenye magodoro ya sponji huteketea kwa dakika chache kabla halijafika. Mahali kama hapo jengo lenyewe ndilo zimamoto, na wajibu wa ukaguzi unapaswa kuandikwa upya kuanzia hapo.

Ushahidi wa jambo hili ni mchungu na unajulikana. Juni 1994 wasichana 42 walikufa katika bweni la Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 walikufa 12 Idodi, Iringa. Septemba 2020 watoto 10 wa shule ya Byamungu, Kyerwa. Matukio yote matatu yalitokea usiku, vijijini, watoto wakiwa wamelala. Haitoshi kujibu kwamba miongozo iandikwe. Kenya iliiandika mwaka 2008: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Hata hivyo Septemba 2024 wanafunzi 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, waliangamia bwenini. Waraka usio na mtu wa kuufuatilia mlango kwa mlango hubaki kabatini. Lakini tuyatazame tena masharti yenyewe: hakuna hata moja linalohitaji mhandisi. Yanapimwa kwa futi kamba na kwa macho.

Ndiyo maana napendekeza ukaguzi wa msingi wa mabweni, zahanati na nyumba za ibada upelekwe ngazi ya kata, kwa mtendaji akishirikiana na mthibiti ubora wa shule, huku vituo vya mafuta, maghala na majengo ya ghorofa yakibaki kwa Jeshi. Atakayedai kwamba mtendaji si mtaalamu anasema kweli, ila utaalamu haukagui chochote usipofika. Pingamizi zito zaidi ni la fedha, kwa kuwa ada husaidia kuendesha huduma. Nalikubali nusu. Ada humvuta mkaguzi kwenye hoteli na maduka ya mjini, ambako safari inalipa, na kumwacha mbali na bweni la kijijini lisilo na cha kutoa. Mpango wa serikali wa mwaka 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara nao ulilalamikia wingi wa tozo na wakaguzi wanaopishana mlangoni. Mkaguzi wa kata, basi, asiruhusiwe kupokea hata senti wala kutoza faini. Aandike alichokiona, abandike nakala ukutani wazazi waisome, na nyingine aitume kwa Jeshi.

Kuna hoja moja ambayo wataalamu wa moto huipuuza kirahisi mno. Nondo hazikuwekwa madirishani kwa ujinga. Mabweni ya wasichana hufungwa kwa hofu ya wavamizi, na mwalimu mkuu akiambiwa azing'oe atauliza, kwa haki, nani atalinda usiku. Kanuni inayomwamuru achague kati ya mwizi na moto itavunjwa siku ya pili. Iseme badala yake kwamba kila bweni liwe na walau dirisha moja kila upande lenye nondo zinazofunguka kwa ndani bila ufunguo, na mlango wa pili usiofungwa kwa nje kamwe watoto wakiwa ndani. Fundi wa kuchomelea wa Dongobesh, hukohuko Mbulu, anaweza kuzitengeneza nondo hizo.

Hatari nazo zinabadilika. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuacha kuni. Ni jambo jema kwa misitu, ila mitungi mikubwa ya gesi inaingia kwenye majiko yaliyojengwa kwa ajili ya moshi wa kuni. Halmashauri haihitaji kusubiri Bunge ili kuanzisha ukaguzi huu wa kata, majiko hayo yakiwemo: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya 1982, inaipa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kinachohitaji Bunge ni swali la dhamana. Mtendaji akiripoti kwamba mlango umefungwa kwa nje, na ripoti ikalala mezani mwa mkuu wake hadi bweni liungue, sheria lazima imtaje wa kujibu, naye asiwe yule aliyeandika.