Kufungwa kwa intaneti ya kupiga simu ya AOL

Kufungwa kwa intaneti ya kupiga simu ya AOL kulifanyika nchini Marekani tarehe 30 Septemba 2025. Siku hiyo kampuni ya AOL ilisitisha huduma iliyowawezesha wateja kuingia kwenye intaneti kwa kupiga namba ya simu kupitia waya wa simu ya mezani. Tangazo lilitolewa mwezi Agosti mwaka huohuo. Programu mbili zilizohusiana na huduma hiyo zilisitishwa pia: AOL Dialer, iliyopiga namba, na AOL Shield, kivinjari kilichotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za zamani na miunganisho ya polepole.

Kwa Wamarekani wengi habari hiyo ilikuwa kumbukumbu ya miaka ya 1990. Kwa wale waliokuwa bado wanaitumia huduma hiyo, lilikuwa suala la kujua ni njia gani nyingine inayofika nyumbani kwao, na kwa bei gani.

Jinsi ilivyofanya kazi

Mtandao wa simu ulijengwa kubeba sauti ya binadamu, takriban kati ya Hz 300 na Hz 3,400. Kompyuta haiwezi kuutumia moja kwa moja. Kwa hiyo kifaa kiitwacho modemu huigeuza data kuwa milio, na modemu ya upande wa pili huigeuza milio hiyo kuwa data tena. Kelele zilizosikika mwanzoni mwa kila muunganisho zilikuwa za modemu mbili zikipima hali ya laini na kukubaliana kuhusu kasi. Baada ya hapo mtoa huduma alihakiki jina la mtumiaji na nywila, kisha kompyuta ikapewa anwani ya IP.

Njia hii ilikuwa na mipaka miwili. Kwanza ni kasi. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 kiliruhusu kupokea data kwa kilobiti 56 kwa sekunde, na laini nyingi hazikufikia hata hapo. Kwa kasi hiyo, ukurasa wa tovuti wenye megabaiti 2 huchukua karibu dakika 5 kufunguka. Pili, laini ilikuwa moja: mtu akiwa kwenye intaneti, anayepiga simu nyumbani kwake alikuta laini ina shughuli.

Faida yake ilikuwa kubwa pia. Palipokuwa na simu ya mezani, hapakuhitajika kuchimba mtaro wala kuweka waya mpya.

Historia

Kampuni iliyokuja kuwa AOL ilianza mwaka 1985 kwa jina la Quantum Computer Services, na mwaka 1991 ikaitwa America Online. Ilijulikana kwa kutuma kwa posta diski zenye programu yake, na kwa sauti iliyomwambia mtumiaji kuwa amepata barua. Sauti hiyo ilikuwa ya mtangazaji Elwood Edwards, na maneno yake yakawa jina la filamu ya mwaka 1998, You've Got Mail.

Hapo awali wateja walilipa kwa saa. Mnamo Desemba 1996 AOL ilianza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kikomo cha saa. Watu walikaa mtandaoni muda mrefu zaidi, laini zikajaa, na wengi walipopiga hawakuweza kuingia. Mwaka 1997 kampuni ilikubaliana na wanasheria wakuu wa majimbo kuwarudishia fedha baadhi ya wateja.

AOL iliungana na Time Warner mwaka 2001, wakati wateja walipokuwa wameanza kuhamia intaneti ya kasi. Idadi ya wateja wake Marekani ilifikia kilele cha zaidi ya milioni 26 mwaka 2002, kisha ikashuka mwaka hadi mwaka. Kampuni hizo mbili zilitengana mwaka 2009. Verizon iliinunua AOL mwaka 2015, na mwaka 2021 ikaiuza pamoja na Yahoo kwa kampuni ya uwekezaji ya Apollo.

Waliobaki

Makadirio ya Ofisi ya Sensa ya Marekani ya mwaka 2023 yalionyesha takriban kaya 163,000 zilizotumia intaneti ya kupiga simu pekee, kupitia watoa huduma wote. Hiyo ni kidogo zaidi ya asilimia 0.1 ya kaya zote za nchi.

Sababu za kubaki zilitofautiana. Baadhi ya watu waliishi mbali na miji, mahali ambapo kampuni hazikuona faida ya kupeleka nyaya mpya. Wengine hawakumudu malipo ya intaneti ya kasi. Wapo pia waliohitaji kusoma barua pepe tu, wasione sababu ya kubadilisha kompyuta waliyoizoea.

Suala la bei lilikuwa limezidi kuwa zito. Mpango wa serikali uliozisaidia kaya zenye kipato kidogo kwa hadi dola 30 kwa mwezi kulipia intaneti ulimalizika tarehe 1 Juni 2024 baada ya fedha zake kwisha. Zaidi ya kaya milioni 23 zilikuwa zimejiandikisha. Mpango mwingine, uliotengewa dola bilioni 42.45 kwa sheria ya mwaka 2021, unalenga kujenga miundombinu katika maeneo yasiyofikiwa, lakini ujenzi huchukua miaka.

Njia mbadala

- DSL: hutumia waya uleule wa simu lakini kwa masafa ya juu kuliko ya sauti, hivyo mtu huweza kupiga simu na kutumia intaneti kwa wakati mmoja. Kasi hupungua kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu, na baada ya kilomita chache huduma haipatikani.
- Kebo ya televisheni: ni ya kasi, lakini nyaya zake ziko zaidi mijini na kwenye vitongoji.
- Nyuzi za kioo: hubeba data kwa mwanga na huwa na kasi kubwa kuliko njia nyingine. Gharama kubwa ni ya kuzifikisha nyumbani.
- Mtandao wa simu za mkononi: ruta yenye laini ya 4G au 5G huhudumia nyumba nzima, mradi mnara uko karibu. Vifurushi vingine vina kikomo cha data.
- Setilaiti: hufika karibu kila mahali. Setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta huchelewesha mawasiliano kwa zaidi ya nusu sekunde. Zile za Starlink, zilizo kilomita 550 hivi juu ya ardhi, huchelewesha kidogo sana, lakini mteja huhitaji kifaa maalumu na eneo la anga lililo wazi.

Kwa kaya ya mbali, mara nyingi orodha hii hubaki na njia mbili za mwisho. Njia nyingine ilikuwa kuhamia kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti ya kupiga simu, kama NetZero au Juno.

Kuhama

Kuacha muunganisho wa kupiga simu hakumaanishi kuacha anwani ya barua pepe. Akaunti za barua pepe za AOL hazikufungwa, kwa kuwa hufunguliwa kupitia muunganisho wowote. Malipo ni jambo la pekee: mteja mwenye kifurushi chenye huduma nyingine alihitaji kuangalia kama bado anatozwa. Kompyuta za zamani nazo huenda hazina Wi-Fi, na vivinjari vyake huenda visifungue tovuti za sasa hata kwa intaneti ya kasi.

Mwisho wa nyaya za shaba

Kubaki na modemu hakutoi suluhisho la kudumu, kwa sababu nyaya zenyewe zinaondolewa. AT&T imetangaza nia ya kuachana na mtandao wake wa shaba katika sehemu kubwa ya maeneo yake ifikapo mwisho wa mwaka 2029. Jimbo la California lilikataa mwaka 2024 ombi la kampuni hiyo la kuondolewa wajibu wa kumpatia simu ya msingi kila anayeihitaji.

Uingereza imepitia hatua kama hizo. BT ilifunga intaneti yake ya kupiga simu mwaka 2013, na mtandao wa zamani wa simu umepangwa kuzimwa ifikapo tarehe 31 Januari 2027. Tarehe ya awali ilikuwa Desemba 2025. Iliahirishwa hasa kwa ajili ya watu wapatao milioni 1.8, wengi wao wazee na wagonjwa, wenye vifaa vya nyumbani vya kuitia msaada kupitia laini ya simu. Simu ya waya wa shaba hupata umeme kutoka kituo cha simu, kwa hiyo hufanya kazi hata umeme wa nyumbani unapokatika. Simu inayopitia kwenye ruta huhitaji betri ya akiba.

Afrika ya Mashariki

Intaneti ya kupiga simu ilitumika pia Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1990. Africa Online, mmoja wa watoa huduma wa mwanzo, ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosoma Marekani. Hata hivyo simu za mezani zilikuwa chache, na mawasiliano na nje yalitegemea setilaiti hadi kebo ya SEACOM ilipoanza kazi mwaka 2009. Watu wengi walifika kwenye intaneti kwa mara ya kwanza kupitia simu ya mkononi, bila kuwahi kutumia modemu ya mezani.

Tazama pia

- Intaneti
- Modemu
- Simu