Ziara za haki za kiraia, Alabama

Ni safari za makundi ya wanafunzi, waumini na familia kwenye maeneo ambako Wamarekani Weusi walipigania usawa. Kituo chenye uzito zaidi ni daraja la Edmund Pettus mjini Selma. Tarehe 7 Machi 1965, waandamanaji wapatao 600 waliodai haki ya kupiga kura walipofika ng'ambo yake walishambuliwa na askari kwa virungu na mabomu ya machozi. Wageni hulivuka kwa miguu. Limeinuka katikati, hivyo anayepanda haoni kinachomngoja mpaka afike juu. Linaudhi jina lake: ni la jenerali wa jeshi lililotetea utumwa. Wengi huendelea hadi Montgomery, na Birmingham, penye kanisa ambamo bomu liliua wasichana wanne mwaka 1963.