Sungura au simbilisi wako amegoma kula? Kabla ya dawa ya minyoo, mwangalie meno

Sungura anasogelea chakula, ananusa, anachukua kidogo, kinadondoka, anaondoka. Kidevu kimelowa mate. Kesho yake hivyo hivyo. Wengi wetu hapa Tunduma tukiona hivyo tunakimbilia dawa ya minyoo. Mimi nikiwa shule ya msingi nilimpoteza sungura wangu namna hiyo, bakuli likiwa limejaa pumba mpaka juu. Nyumbani walisema ni kijicho cha majirani.

Leo ningeanza na meno. Meno ya sungura hayaachi kukua, yote 28. Ya mbele hurefuka karibu milimita 2 kwa wiki, yaani yasiposagika, kwa mwaka yangefika kama sentimita 10. Simbilisi ana meno 20, nayo yote hukua maisha yake yote. Kinachoyapunguza ni kutafuna, jino likisagana na jino.

Sasa tatizo linaanzia kwenye pumba. Songwe ni mkoa wa mahindi, pumba zipo kila mashine ya kusaga, kwa hiyo ndiyo chakula rahisi. Lakini pumba ni laini. Mnyama anazimeza bila kuzungusha taya, na magego yanabaki na ncha kali zinazochana ulimi na mashavu. Kwa simbilisi magego ya chini huweza kuinamia ndani yakaubana ulimi kabisa. Anakuwa na njaa, chakula kipo, kumeza hawezi. Isitoshe, pumba zina kalsiamu kidogo, na jino linahitaji kalsiamu.

Dawa yake ni nyasi, tena nyingi. Zijae bandani usiku na mchana, pumba ziwe kionjo tu. Mabingobingo, ukoka, majani ya mahindi, vyote vinafaa. Wengi huweka kipande cha mti wakidhani kazi imeisha, lakini mti unasaidia meno ya mbele tu. Magego yanataka nyasi. Ukitaka kuweka tawi, weka la mpera au mforosadi.

Usikate nyasi pembeni ya barabara kuu ambako malori yanapanga foleni kuvuka kwenda Zambia. Zimejaa vumbi na moshi. Majani ya mahindi yaliyopuliziwa dawa ya viwavijeshi nayo achana nayo. Na jambo ambalo watu wa huku tunalisahau kwa sababu miti imejaa: majani ya parachichi ni sumu kwa sungura na simbilisi. Usiyaweke bandani hata kwa kutandika.

Kiangazi ndiyo mtihani. Mvua zikiisha, nyasi mbichi zinaadimika haraka, hivyo kata mapema zikiwa bado za kijani, zianike, zigeuze, hifadhi pakavu. Zikiota ukungu tupa.

Simbilisi ana jambo la ziada. Mwili wake hautengenezi vitamini C, kama sisi binadamu. Akiikosa, fizi zinavuja damu na meno yanalegea. Anahitaji kama miligramu 10 hadi 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Majani mabichi, kipande cha pilipili hoho au cha pera kinasaidia sana, hasa kipindi anachokula nyasi kavu tupu.

Mkague kila wiki. Mpime uzito, mizani ya jikoni inatosha kwa simbilisi, kisha inua midomo taratibu. Kwa sungura meno ya juu hukaa mbele kidogo ya yale ya chini. Kwa simbilisi ya chini ni marefu kuliko ya juu, usishtuke, ndivyo alivyo. Magego hutayaona, kwa hiyo angalia dalili: mate, kuchagua vilaini, kinyesi kidogo, kukonda.

Jino likizidi, tafadhali usichukue mkasi wa kucha. Jino linapasuka mpaka kwenye mzizi na usaha unaingia. Muone afisa mifugo wa kata akuelekeze kwa daktari wa mifugo mwenye vifaa vya kulisaga. Sungura au simbilisi akipitisha siku nzima bila kula, hiyo ni dharura, tumbo lake linasimama.

Na wanaouliza kuhusu hamsta wanaowaona TikTok: hamsta ana meno 16, yanayokua bila kukoma ni manne tu ya mbele. Rangi yake ya njano hadi chungwa ni ya asili, usiyasugue.

Kama meno ya sungura wako yamepishana tangu akiwa mdogo, huenda kayarithi. Mfuge tu, ila usimtumie kwa mbegu, hata jirani akikuomba dume la bure.