Kongwa isiyo na bahari katika historia ya wazamiaji wa pwani

Kongwa, mkoani Dodoma, hakuna anayeamka akasikia mawimbi. Kuna mibuyu, ng'ombe wa ranchi, mashamba ya alizeti na mtama, na makorongo yanayogeuka mito kwa saa chache za mvua kisha yakarudi kuwa mchanga. Bahari iko zaidi ya kilomita 250 upande wa mashariki, na karibu mita 1,000 chini. Hata hivyo, anayeifuatilia historia ya uzamiaji katika pwani ya Tanzania hawezi kuuruka mji huu. Bandari ya Mtwara, ambayo leo ni mlango wa mojawapo ya hifadhi kubwa za bahari nchini, ilizaliwa na karanga, na mpango wa karanga ulianzia Kongwa.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, akapendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukatumwa kukagua ardhi. Ulizunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi London na ripoti ya mashamba ya ekari zaidi ya milioni 3. Serikali ya Clement Attlee ikakubali, na mwaka 1947 matrekta ya kwanza yakaanza kung'oa vichaka vya Kongwa. Baadaye zikaongezwa Urambo kwa upande wa magharibi na Nachingwea kusini.

Mashine nyingi zilikuwa masalia ya vita. Vifaru vya aina ya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Lakini mizizi ya vichaka ilikatika chini ya ardhi bila kung'oka, na mibuyu haikuanguka kirahisi. Mchanga uliochanganyika na udongo ulisaga majembe ya chuma kama msasa. Mvua ilipokatika, ardhi ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, karanga zikabaki humo humo. Mkulima wa Kigogo anayepanda uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukame, angeweza kuwaeleza hayo yote bila kupanda ndege. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuvunja mpango. Zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimeteketea.

Kilichosalia ni vile vilivyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Reli fupi ya kuingia Kongwa ilikuja kung'olewa. Eneo la mashamba likawa ranchi ya ng'ombe. Kuanzia miaka ya 1960 Kongwa ikawapokea wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa FRELIMO, ANC na SWAPO, wakaweka kambi zao hapo. Kusini, reli ya Nachingwea iliyojengwa kusafirisha karanga ilifungwa mwaka 1962. Gati la maji ya kina la Mtwara, lililokamilika mwaka 1954, halikuweza kufungwa na kubebwa. Lilibaki pale likitazama bahari, likingoja kazi nyingine.

Vita hivyo hivyo vilivyotoa vifaru vya Kongwa vilikuwa vimetoa chombo kingine. Mwaka 1943, katika Ufaransa iliyokuwa chini ya Wajerumani, afisa wa jeshi la majini Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi wa mgongoni kwa kadiri anavyovuta pumzi, na kwa shinikizo linalolingana na la maji yanayomzunguka. Kabla ya hapo, kukaa muda mrefu chini ya maji kulihitaji kofia ya shaba, viatu vya risasi na mpira wa hewa uliofungwa kwenye chombo juu. Sasa mtu aliweza kuogelea kama samaki. Kazi hiyo ikageuka burudani, na mwaka 1953 chama cha wazamiaji cha Uingereza, British Sub-Aqua Club, kikaanzishwa London. Miaka 15 baadaye, mwaka 1968, Kenya ikatenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizokuwa za mwanzo nchini humo.

Lakini pwani yetu haikungoja mtungi. Wavuvi wa Kilwa, Mafia na Unguja walikuwa wakizama kwa pumzi ya kifua kufuata majongoo bahari, kombe na pweza. Simbi ziliokotwa mwambani maji yakitoka, na kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walizinunua kwa shehena wakazipeleka Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha. Mvuvi hakuhitaji chati ya bahari. Alijua mwamba upo wapi kwa kulinganisha mnazi huu na kilima kile, na alijua siku ya kutoingia majini.

Katika kutenga hifadhi za bahari, Tanzania nayo ilianza na karatasi. Mwaka 1975 visiwa vya karibu na Dar es Salaam, Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari. Mafia nako sehemu za ghuba ya Chole na mwamba wa Tutia zilitengwa. Ramani ilichorwa, mipaka ikaandikwa, lakini boti za doria na walinzi havikufuata. Wakati huohuo baruti, iliyokuwa imeingia katika uvuvi tangu miaka ya 1960, iliendelea kulipua matumbawe. Mlipuko mmoja huua samaki wote walio karibu, wakubwa kwa wadogo, na wengi wao huzama bila kuokotwa. Tumbawe likishavunjika likawa kifusi, miaka mingi hupita kabla ya kiumbe kipya kushika hapo. Kosa la Kongwa likawa limerudiwa kwa njia nyingine: eneo limeandikwa ofisini, na mahali penyewe hapana habari.

Mabadiliko yaliletwa na watu waliokaa. Kuanzia mwaka 1989 vikundi vya wazamiaji wa kujitolea wa shirika la Frontier, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilipiga kambi msimu baada ya msimu pwani ya kusini: Mafia, Songo Songo, kisha Mtwara. Wengi walikuwa vijana waliofundishwa kuzamia papo hapo. Walishuka na vibao vya kuandikia vya plastiki, wakanyoosha kamba juu ya mwamba, wakahesabu samaki na matumbawe mita kwa mita. Ilikuwa kazi ya kuchosha, isiyo na hadithi ya nyangumi wala hazina. Ila takwimu za aina hiyo ndizo zilizotoa hoja. Sheria ya hifadhi za bahari ikapitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania Bara, yenye eneo la kilomita za mraba 822. Mwaka 2000 ikafuata Hifadhi ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kusini ya Mtwara. Anayekwenda kuzamia huko leo hupita katika mji uliopanuliwa kwa ndoto ya karanga za Nachingwea.

Msimu wenyewe wa kuzamia haupangwi na kamati ya klabu. Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu, na upande wa nje wa Mafia huwa mawimbi matupu. Wazamiaji hujikinga ndani ya ghuba ya Chole. Kaskazi ikiingia, karibu na Novemba, bahari hulegea na miamba ya nje hufikika. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukaribia ufukwe wa Kilindoni, Mafia, kula viumbe wadogo wa majini, wala hana habari na binadamu. Masika yanapoanza, mito kama Rufiji na Ruvuma humwaga tope na maji huwa mazito.

Ndani ya kila mwezi kuna hesabu nyingine. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yakapanda na kushuka kwa takriban mita 4 na mkondo ukakimbia kwenye milango ya miamba. Siku za maji mafu ndizo za utulivu. Nahodha mzuri huingia wakati maji yanajaa, kwa kuwa ndipo yanapotoka bahari kuu yakiwa safi. Wahenga walisema bahari haishi zinge. Mtu wa Kongwa anayeishi kwa kuingoja mvua ya kwanza ili apande hahitaji kufafanuliwa maneno hayo.

Kuna somo moja la mwisho linalomhusu hasa yeye. Chini ya maji, kwa kila mita 10 shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na hewa yote iliyo juu yetu, na naitrojeni ya ndani ya mtungi huyeyuka mwilini. Mzamiaji akipanda polepole, gesi hiyo hutoka kwa pumzi. Akikimbilia mahali pa juu mapema mno, inaweza kutoa mapovu kwenye damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Wazamiaji huanza kuuhesabu mwinuko wa nchi baada ya mita 300 tu juu ya bahari, na Kongwa iko karibu mita 1,000. Kwa ndege hushauriwa kusubiri angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache. Mtu anaweza kuzamia Mbudya asubuhi na kula chakula cha usiku uwandani. Treni iko tayari, ila mwili bado uko baharini. Mtu wa Kongwa aliyetoka kuzamia inambidi alale pwani usiku mmoja zaidi, ndipo apande kwenda nyumbani.