Majina ya Ukoo Yaliyogeuzwa Kuwa Majina ya Ubatizo: Ushahidi Wake Katika Nasaba za Kiingereza

Achunguzaye nasaba za Waingereza hukuta upesi pengo moja kubwa, nalo ni la wanawake. Mwanamke aliolewa akatwaa ukoo wa mumewe; na vitabu vya ubatizo vya parokia, vilivyoamriwa mwaka 1538, kwa kawaida vilimtaja mama kwa jina lake la kwanza tu, kama vilimtaja. Fomu zilizopigwa chapa za mwaka 1813 hazikuziba pengo hilo. Usajili wa serikali, ulioanza mwaka 1837, ndio uliodai ukoo aliozaliwa nao mama. (Kwetu pwani, Mwana Kupona binti Msham aliolewa na Bwana Mataka, wala jina la babaye halikumtoka.)

Hapo ndipo jina la mtoto liwezapo kuwa shahidi. Lord Guilford Dudley, aliyekatwa kichwa mwaka 1554, alichukua ukoo wa mamaye, Jane Guildford. Desturi hiyo haikubaki kwa mabwana wakubwa. Mhandisi Isambard Kingdom Brunel, aliyezaliwa mwaka 1806, alikuwa mwana wa Sophia Kingdom. Naye Rais Woodrow Wilson wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1856, mwana wa Jessie Woodrow.

Lakini shahidi huyu hasemi daima lile tunalodhani. Mtu akisoma jina la John Quincy Adams, aliyezaliwa mwaka 1767, aweza kukata shauri kwamba mama alikuwa Quincy. Sivyo: mama, Abigail, alizaliwa katika ukoo wa Smith. Quincy ni ukoo wa mama yake Abigail, na mtoto aliitwa kwa jina la baba wa bibi huyo. Ukoo umeruka kizazi, na jina lenyewe halituambii umeruka kingapi.

Tena yako majina yasiyo na damu ndani yake kabisa. Mwandishi Washington Irving, aliyezaliwa mwaka 1783, aliitwa hivyo kwa heshima ya Jenerali Washington. Nasi Afrika ya Mashariki tunao akina Livingstone, Wilson na Nelson tele. Anayewatafutia nyanya wa Kiskoti atapoteza siku zake bure. Aghalabu majina hayo ni habari za misheni na shule, nazo zastahili uchunguzi wake.

Basi jina litumike kuchagua kitabu cha kufungua kwanza. Ukoo usiandikwe katika nasaba mpaka uonekane katika daftari la ndoa, au katika wasia wa babu mzaa mama.